Córdoba

Córdoba ni mji wa kale wa Andalusia, kusini mwa Hispania, kando ya mto Guadalquivir. Wageni wengi huja kwa ajili ya jengo moja: msikiti ulioanzishwa na mtawala Mwislamu Abd al-Rahman I mnamo 785, ukapanuliwa mara kadhaa, kisha ukageuzwa kanisa mfalme Mkristo Ferdinand III alipouteka mji mwaka 1236. Wapo wanaodai kwamba kanisa kuu lililopachikwa katikati yake kuanzia 1523 liliharibu kazi ya Waislamu. Lawama hiyo ina uzito. Hata baraza la mji, Wakristo watupu, lilipinga ujenzi huo. Lakini jengo hili halikuwahi kuwa la mkono mmoja. Nguzo zake, ambazo hadi leo ni zaidi ya 800, nyingi za zile za mwanzo zilitolewa kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi. Kwa kuwa zilikuwa fupi, mafundi walipandisha matao mawili, moja juu ya jingine, ya matofali mekundu na mawe meupe. Kinachosifiwa zaidi, basi, kilizaliwa na vitu vya kuokoteza. Mwendo mfupi kutoka hapo, vichochoroni, ipo sinagogi ya 1315, ndogo na tulivu, ambayo wenye haraka huipita.