Kutoka Tochi hadi VTS

Nilipoanza kushika usukani wa basi la Geita kwenda Dar es Salaam, jicho la serikali lilikuwa tochi ya trafiki ya kupimia mwendo. Mkipishana na mwenzako pale Tinde akakuwashia taa, unajua mbele kuna tochi. Unashuka hadi 80, unampungia afande mkono, ukishampita unakanyaga mafuta.

Kumbe satelaiti zilishakuwa angani. Mei 2000, mwaka uleule mgodi wa Geita ulipoanza kutoa dhahabu, Rais Clinton wa Marekani aliamuru GPS ya raia isipotoshwe tena kwa makusudi. Baadaye SUMATRA, mamlaka iliyosimamia usafiri, ikatuletea VTS, kifaa kinachotumia GPS hiyo kutuma ofisini mwendo na mahali basi lilipo. LATRA ikairithi kazi hiyo mwaka 2019, ikakaza uzi.

Kuwashiana taa hakukufua dafu tena. Wajanja wakahamia kwenye waya: unauchomoa, kifaa kinakata. Ila basi likipotea ghafla kwenye mfumo, kupotea huko nako kunaonekana, na mabasi yamewahi kusitishiwa leseni kwa kuchezea VTS. Sawa tu. Gari lako binafsi, zima ufuatiliaji upendavyo. Ukibeba abiria, dereva mwenzangu, usiguse ule waya.