Wanafunzi wa chuo wanavyofunzana kuandika, na mpaka wa msaada huo

MWANAFUNZI anayetoka Vitengeni, upande wa bara wa msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi, huingia chuo kikuu kwa kigezo kilekile kinachomwingiza mwenzake wa Nairobi: angalau wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE. Asichokuwa nacho, mara nyingi, ni mtu nyumbani aliyewahi kuandika kazi ya chuo, ambaye angemuuliza swali la mhadhiri linataka nini hasa.

Pengo hilo si la akili. Katika karatasi ya Insha ya KCSE, mtahiniwa huandika insha mbili, kila moja ya maneno 400 na zaidi kidogo, kwa kalamu, akitegemea kumbukumbu na ufundi wa lugha. Methali na tamathali humwongezea alama. Miezi michache baadaye hutakiwa kuandika kurasa kumi kwa Kiingereza, alinganishe waandishi wasiokubaliana na aonyeshe kila wazo amelitoa wapi. Methali hazimwokoi tena. Ikumbukwe pia kwamba mtoto wa Vitengeni huanza maisha kwa Kigiryama, hukutana na Kiswahili sokoni na shuleni, kisha kuanzia darasa la nne Kiingereza huwa ndiyo lugha ya masomo.

Vyuo vikuu vingi nchini hujaribu kuziba pengo hilo kwa somo la lazima la stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza. Somo hilo lina manufaa yake, lakini hufunzwa katika kumbi kubwa, na mhadhiri mwenye mamia ya karatasi za kusahihisha hawezi kuketi na kila mmoja. Ndipo linapoingia suala la wanafunzi kufunzana wao kwa wao.

Wazo lenyewe si geni. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao, mwanafunzi aliyetangulia kusoma amekuwa akimsikiliza na kumsahihisha mdogo wake tangu zamani. Mjini London, Joseph Lancaster alianzisha shule mwaka 1798 ambako wanafunzi wakubwa waliwafunza wadogo, kwa kuwa hakuwa na fedha za kuajiri walimu wa kutosha.

Kuhusu uandishi hasa, mfano unaotajwa mno ni wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambacho mwaka 1970 kilifungulia milango wahitimu wa shule za upili za jiji hilo. Wengi walioingia hawakuwa wameandaliwa kwa masomo ya chuo. Kenneth Bruffee, mwalimu katika Chuo cha Brooklyn, aling'amua kwamba wengi wao waliukwepa msaada waliotengewa kwa sababu ulifanana na darasa lilelile lililowashinda. Wanafunzi wenzao walipoandaliwa kuwasaidia, walianza kuja. Makala aliyoandika mwaka 1984 kuhusu jambo hilo ingali inasomwa. Nchini Afrika Kusini, vyuo vikuu vya Western Cape na Cape Town vilianzisha vituo vya uandishi katika miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukifikia kikomo.

Kikao cha namna hiyo hakihitaji vifaa vingi. Mwenye kazi huisoma rasimu yake kwa sauti, na mwenzake husikiliza. Kusoma kwa sauti peke yake hufichua mengi, kwani sikio hukwama pale jicho lilipopita. Kisha huja maswali, na utaratibu wa maswali una uzito wake. Kwanza ni hoja: swali limejibiwa? Pili ni mpangilio na ushahidi. Tahajia na vituo huja mwisho kabisa, maana hakuna haja ya kupiga pasi aya itakayofutwa.

Tuchukue mwanafunzi aliyeandika kwamba ukame umewaathiri sana wakazi wa Ganze. Mwenzake humuuliza: wakazi gani, mwaka gani, nawe umejuaje? Polepole mwanafunzi hueleza habari za mahindi yaliyokauka kabla ya kutoa mbelewele, za mbuzi waliouzwa kwa bei ya kutupa, na za familia zilizogeukia uchomaji wa makaa. Kumbe anayajua mengi kuliko alivyoandika. Kinachobaki ni kutafuta ripoti au utafiti wa kuthibitisha, na kuutaja ipasavyo.

Kalamu hubaki mkononi mwa mwenye kazi muda wote huo. (Sisi wa dawati la uhariri hufanya kinyume: saa ya kuchapisha ikikaribia, twakata na kuandika upya bila kumuuliza mtu. Ndiyo sababu mhariri hodari si lazima awe mwalimu hodari.)

Sharti hilo la kalamu lina uzito wa pekee hapa Kenya. Nchi yetu imejulikana duniani kwa biashara ya kuwaandikia kazi wanafunzi wa ng'ambo. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, inahusu vijana Wakenya wanaofanya kazi hiyo. Sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 2022 ilifanya kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England kuwa kosa la jinai. Baada ya ChatGPT kuzinduliwa Novemba 2022, mashine nayo ikawa mwandishi wa kukodi, tena wa bei nafuu zaidi.

Kwa hivyo chuo kinachowaruhusu wanafunzi kusaidiana hakina budi kueleza waziwazi msaada unaishia wapi. Kuuliza, kueleza kanuni, kuonyesha kosa moja ili mwenyewe atafute mengine: ruhusa. Kuandika sentensi kwa niaba yake: la. Msaidizi naye apewe mafunzo na malipo, hata kama ni kidogo. Kumwachia mwanafunzi mwerevu mzigo huo bure ni kumwibia saa zake za kusoma.

Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, kilichoanza mwaka 2007 kama chuo kishiriki cha Kenyatta na kupata hati yake mwaka 2013, kimesogeza elimu ya juu karibu na vijiji vya Ganze. Lakini kuna muda mwingine usiotumiwa. Matokeo ya KCSE hutolewa Januari, ilhali wengi huripoti chuoni Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo, wanafunzi wa chuo waliorudi Vitengeni kwa likizo wangeweza kuketi na hao wanaosubiri, Jumamosi mbili tatu, katika darasa la shule lisilo na watu. Wangeanza na kazi moja ya mwaka wa kwanza iliyokwisha kusahihishwa, yenye alama na maoni ya mhadhiri pembeni, waisome pamoja na kujiuliza kwa nini alama zilipotea pale zilipopotea.