Walei katika Uongozi wa Kanisa Katoliki nchini Uganda

Mwishoni mwa mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, waliondoka Buganda wakahamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, na waamini wachache waliobatizwa wakabaki bila padre hata mmoja. Waliporudi mwaka 1885 walikuta wanaojifunza dini wameongezeka, kwa kuwa walei, yaani waamini wasio makleri wala watawa, walikuwa wameendelea kufundisha na kusalisha wenyewe. Katika jumba la mfalme kazi hiyo iliongozwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe, na huko Mityana na Matia Mulumba, ambao baadaye waliuawa katika dhuluma ya Kabaka, yaani mfalme, Mwanga na kutangazwa watakatifu mwaka 1964.

Uwezo huo wa walei ulipewa muundo rasmi huko Masaka, jimbo lililokabidhiwa Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyewekwa wakfu kuwa askofu na Papa Pius XII mwaka 1939. Miaka mingi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kiwanuka aliunda halmashauri za parokia ambazo wajumbe wake walichaguliwa na waamini, pamoja na vyama vya wazazi vilivyoshiriki katika usimamizi wa shule, kwa maana aliamini kwamba Kanisa lisilotegemea fedha za ng'ambo haliwezi kusimama bila wenyeji kuhusishwa katika maamuzi.

Mtaguso wenyewe, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulifundisha kwamba wajibu wao unatokana na ubatizo, lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iliipa halmashauri ya kichungaji ya parokia kura ya ushauri tu, huku uamuzi ukibaki kwa paroko. Hata Oktoba 2023, wanawake walipopiga kura kwa mara ya kwanza katika Sinodi ya Maaskofu, kura hizo zilibaki kuwa ushauri kwa Papa. Historia ya Buganda na Masaka inadai hatua zaidi: walioweza kuilinda imani bila padre wanastahili, pale ushauri wao unapokataliwa, kuelezwa sababu waziwazi, kwani halmashauri isiyojibiwa hugeuka upesi kuwa kikao cha kupokea matangazo.