Chipu Iliyokataa Kuandikwa Mara Mbili

Miraa ikishachumwa Igembe au Tigania, kule Meru, hupoteza nguvu ndani ya siku chache, ndiyo maana pikiapu hutoka Maua zikikimbilia Nairobi. Wauzaji wa muguka wa Mbeere, upande wa Embu, wana haraka hiyo hiyo. Katika biashara hii oda na bei hutangulia mzigo, na M-PESA ilipoanza Machi 2007, malipo nayo yakahamia kwenye simu. Kufikia 2011 Safaricom ilikuwa ikiuza Huawei Ideos kwa takriban shilingi 8,000, na simu ya Android ikawa karibu na mfuko wa mfanyabiashara wa kawaida.

Namba za wateja, picha na ujumbe ndani ya Ideos vilikaa kwenye memori ya flashi aina ya NAND. Asili yake ni Japani: Fujio Masuoka wa Toshiba aliitambulisha flashi mwaka 1984, na NAND ikafuata mwaka 1987. Ina nafasi kubwa kwa bei nafuu, lakini ina masharti. Huandikwa ukurasa kwa ukurasa, ila hufutwa bloku nzima, yaani kundi la kurasa, kwa pamoja. Bloku huchakaa kwa kufutwa mara nyingi, na baadhi hutoka kiwandani zikiwa mbovu. Programu inayoisimamia lazima izitambue hizo mbovu na kuziruka.

Mwaka 2002 Charles Manning wa New Zealand alianza kuandika YAFFS, mfumo wa faili uliobuniwa kwa ajili ya NAND. Chipu za wakati huo zilikuwa na kurasa za baiti 512, kila ukurasa na nafasi ya baiti 16 pembeni. Hapo ndipo YAFFS ilipoandika ukurasa ni wa faili gani. Ukurasa ukipitwa na wakati, programu ilirudi pembeni pale pale na kuuwekea alama ya kufutwa.

Kisha zikaja chipu mpya.

Kurasa zake zilikuwa za baiti 2,048, na hazikuruhusu tena kurudi kuandika juu ya ukurasa ulioandikwa. Kubadilisha vipimo pekee kusingetosha, kwa sababu njia ya kutia alama ilikuwa imefungwa. Katika YAFFS2, toleo lililofuata, kila bloku ikapewa namba ya mfuatano. Simu inapowaka, mfumo huweza kusoma bloku zote. Kurasa mbili zikidai sehemu moja ya faili, iliyoandikwa mwisho ndiyo huaminiwa. Betri ikikata katikati ya kuandika, nakala ya zamani bado ipo. Simu nyingi za mwanzo za Android, Ideos ikiwemo, zilitumia mfumo huu, na kazi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko iliyopata.

Mwishoni mwa 2010 simu ya Nexus S ilikuja na ext4, mfumo mwingine wa faili, badala ya YAFFS2. Wakati huo memori za eMMC zilikuwa zikibeba kidhibiti chake ndani, na kuruka bloku mbovu kukawa kazi ya chipu yenyewe. Hata hivyo, fundi wa simu mjini Meru au Embu anayebadilisha eMMC iliyokufa bado hutafuta kwanza programu inayoitambua chipu mpya. Asipoipata, simu haiwaki.