Wimbo wa "Jambo" una mwenyewe

Niko Ndagoni, kisiwani Mafia. Najua nimekuwa kimya. Nilikuja huku kumwona bibi, nikasema nitakaa siku tatu, sasa ni wiki ya pili. Ukishazoea kuamshwa na jogoo badala ya honi za daladala, kurudi Dar kunakuwa kazi.

Leo nina deni la kulipa. Miaka ya nyuma niliandika makala kuhusu utalii wa Mafia, papa potwe na mambo mengine, na humo nikataja vijana wanaowaimbia wageni "wimbo wa asili wa pwani", ule wa Jambo. Hakuna aliyenisahihisha. Mhariri aliupitisha, wasomaji wakausoma, mimi mwenyewe nikasahau. Aliyekuja kunikamata ni mtoto wa mjomba wangu.

Huyu binamu yangu anapiga gitaa. Jioni akipata mwito anapanda bodaboda hadi Utende, kwenye hoteli za wageni, anapiga na wenzake watatu, usiku anarudi. Juzi tumekaa barazani, bibi anatukunia nazi, akaniambia: "Kaka, kuna mgeni kaniuliza ule wimbo wa Jambo ni wa nani. Nikamwambia ni wa zamani, hauna mwenyewe. Yeye akasema ni wa Disney, wa ile katuni ya simba. Sasa wewe ndiye mwandishi, tuambie, ni wa nani?"

Nikajibu haraka haraka kwamba si wa Disney. Wa nani, basi? Hapo nikababaika. Nikaona nianze kutafuta, na haya ndiyo ninayowaletea.

Wimbo una mwenyewe. Mtunzi wake anaitwa Teddy Kalanda Harrison, Mkenya wa pwani, kiongozi wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa. Bendi hiyo ilianza mwaka 1972, na ilikuwa ya kifamilia hasa. Mle ndani walikuwemo akina Harrison wenyewe: Teddy Kalanda, Billy Sarro na George Zirro, pamoja na Pius Plato Chitianda. Baadaye wakaingia John Katana na Dennis Kalume. Ukiyasikia hayo majina ya katikati, Katana, Kalume, unajua hawa ni watoto wa Kimijikenda, si watu wa kuja. Siku hizi bendi hiyo inajulikana pia kwa jina la Uyoga, yaani jina lile lile limerudi nyumbani kwenye Kiswahili.

Sasa tukumbuke Mombasa ya miaka ya 1970 ilikuwaje. Ndege za watalii zilikuwa zinashusha Wazungu kutoka Ulaya, hoteli zinajengwa ufukweni kaskazini na kusini ya kisiwa. Mwanamuziki wa pwani alikuwa na njia mbili kubwa za kula: arusi na hoteli. Hoteli ina uzuri wake, maana mkataba upo na mshahara unajulikana. Ubaya wake ni kwamba unapiga anachotaka mgeni. Mgeni anataka nyimbo alizozizoea kwao, anataka na kitu kidogo cha Kiafrika cha kumkumbusha kuwa amesafiri.

Them Mushrooms walianza na rege. Vijana wa pwani ya Afrika Mashariki wanashika rege ya Jamaika, wanaichanganya na chakacha ya nyumbani, wanawachezesha wageni kando ya bwawa la kuogelea. Mombasa hiyo hiyo ikatoa na bendi nyingine iliyojiita Mombasa Roots, jina ambalo lenyewe linakuambia walikuwa wanatafuta nini. Ndiyo maana mimi nikimfikiria Kalanda simweki kwenye kapu la wanamuziki wa kuburudisha watalii. Namweka na wale wa muziki wa mizizi, ila aliyepata soko lake hotelini.

Kalanda alieleza kwamba wazo lilimjia hotelini, akiwaona wageni wakijifunza maneno ya Kiswahili. Fikirieni hapo. Mtu anapiga gitaa usiku kucha, na huku anatazama. Anaona mgeni ameshika maneno matano: salamu, habari, karibu, hakuna matata. Akayachukua maneno hayo hayo akayatia kwenye wimbo. Santuri ikatoka mwaka 1982. Katika toleo la kwanza mna na maneno ya kuusifu uyoga, bila shaka kwa jina la bendi. Walioupokea wimbo baadaye sehemu hiyo waliiacha.

Na walioupokea ni wengi! Mombasa Roots waliurekodi. Safari Sound Band waliurekodi. Mwaka 1983 Boney M, kundi la disko kutoka Ujerumani lililokuwa likitikisa dunia, likatoa toleo lake. Khadja Nin, mwanamama wa Burundi, naye aliuimba. Mara unaitwa "Jambo Bwana", mara "Jambo Jambo", mara "Hakuna Matata". Kila jina lilipobadilika, mtunzi alizidi kusogezwa nyuma. Halafu wimbo ukatoka kwenye santuri ukaingia midomoni. Wapagazi wa Kilimanjaro wanawaimbia wapanda mlima, wakitia jina la mlima wao. Zanzibar wanatia la kwao. Na Utende, binamu yangu anatia la Mafia.

Kwa nini ulishika kiasi hicho? Nimeusikiliza mara nyingi wiki hii, na maoni yangu ni haya: ule wimbo ni somo la kwanza la Kiswahili. Mgeni akifika uwanja wa ndege hajui neno, akitoka hotelini anajua salamu na jibu lake. Mwalimu gani anafundisha haraka namna hiyo?

Lakini kuna kichekesho. Sisi wenyewe hatusalimiani hivyo. Hapa Ndagoni ukimpita mzee ni "Shikamoo", ukimkuta rika lako ni "Mambo vipi". Ukimwambia bibi yangu "Jambo" peke yake, atakungojea umalize sentensi, maana jambo ni habari, sasa jambo gani? Na "hakuna matata" ni lugha ya wenzetu wa Kenya zaidi. Sisi tunasema hamna shida. Kalanda hakukosea, aliandika Kiswahili alichokisikia kati ya wenyeji na wageni, Kiswahili cha mapokezi.

Sasa tuje kwa Disney. Filamu ya The Lion King ilitoka mwaka 1994, miaka 12 baada ya santuri ya Them Mushrooms. Ndani yake kuna wimbo unaoitwa "Hakuna Matata", lakini huo ni wimbo mwingine, wa Elton John na Tim Rice. Kwa hiyo yule mgeni wa Utende alichanganya nyimbo mbili. Mwaka huo huo wa 1994 Disney waliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara huko Marekani, kwa ajili ya nguo, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, alianzisha malalamiko mtandaoni, watu zaidi ya 100,000 wakatia saini. Tuwe wakweli hapa: alama ya biashara ya fulana haikukatazi wewe kusema hakuna matata wala kuimba. Lakini hasira ya watu naielewa. Kampuni inajua kwenda ofisini kuandikisha maneno mawili ya Kiswahili, na sisi tunashindwa kukumbuka jina la aliyetunga wimbo mzima.

Na si mara ya kwanza. "Malaika" mnaijua. Fadhili William wa Kenya aliirekodi, Miriam Makeba akaipeleka duniani, na hao hao Boney M wakaipitia. Mpaka Fadhili anafariki mwaka 2001, ubishi wa nani aliitunga ulikuwa haujaisha, na upande wetu wa Tanzania kuna jina la Adam Salim linalotajwa. Ubishi huo hautaisha kwa sababu siku wimbo ulipozaliwa hakuna aliyeshika kalamu. Kwa Kalanda tuna bahati. Santuri ipo, mwaka upo, jina la mtunzi lipo. Mtu anayesema hauna mwenyewe hana kisingizio, mimi nikiwa wa kwanza.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimheshimu yeye na ndugu zake. Mwaka 1987 bendi ilihama Mombasa kwenda Nairobi. Wangeweza kuishi kwa wimbo mmoja tu mpaka uzeeni. Badala yake wakawa watu wa kuwabeba wengine. Walirekodi na Malika, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa. Walimrudisha studio mzee Fundi Konde, mpiga gitaa na mtunzi aliyekuwa maarufu tangu baada ya Vita Kuu ya Pili na ambaye vijana walikuwa wamemsahau. Mzee huyo alifariki mwaka 2000, lakini angalau aliondoka watu wakimjua tena. Mtu ambaye wimbo wake ulikuwa ukiimbwa kila mahali bila jina lake, kundi lake ndilo lilikuwa likiyarudisha majina ya wenzao.

Teddy Kalanda Harrison alifariki Septemba 2024. Usiku ule, bila shaka, wimbo wake uliimbwa kwenye hoteli kutoka Lamu mpaka huku kwetu, na waimbaji wengi hawakujua kwamba wanamwimbia marehemu.

Nilipomaliza kumsimulia binamu yangu alinyamaza. Nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa na lake. Miaka minne iliyopita alitunga wimbo wa mapenzi, akamwimbia mwimbaji mmoja aliyekuja kisiwani kwa shughuli. Jamaa akaupenda, akasema atausaidia ufike mbali. Kweli ulifika mbali. Binamu yangu aliusikia kwenye redio, yuko kwenye boti ya Nyamisati, beti zake zote na jina si lake. Hakumwambia mtu. "Ningemwambia nani, kaka? Sina karatasi."

Hapo ndipo historia iliposimama mbele yangu na miguu miwili. Nikamweleza ninachokijua. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema haki ya mtunzi inaanza pale kazi inapotungwa, si pale inapoandikishwa. Inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kenya nao wana miaka 50, maana yake wimbo wa Kalanda ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa mwaka 2074. Kuandikisha COSOTA hakukupi haki ambayo huna, kunakupa ushahidi. Na ushahidi ndio uliokosekana kwenye Malaika, ndio uliokosekana kwenye ile boti.

Wimbo ule wa kwanza sijui kama ataupata. Anao wenzake wawili waliokuwepo siku anautunga, na daftari lenye mwandiko wake, tutaona. Lakini jana tumekaa tukarekodi nyimbo zake nyingine saba kwa simu. Kila moja kaanza kwa kutaja jina lake, tarehe, na "Ndagoni, Mafia". Bibi alikuwa anacheka jikoni, anauliza kwani mtu huwa anajitambulisha kwa wimbo wake mwenyewe.

Ndiyo, bibi. Inabidi.

Jioni alikwenda Utende kama kawaida. Kabla ya kupiga Jambo aliwaambia wageni kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba wimbo huu ni wa Teddy Kalanda Harrison wa Mombasa. Anasema mgeni mmoja aliandika jina kwenye simu. Mmoja, si haba.

Nami narekebisha rasmi: si wimbo wa asili. Una mwenyewe. Ukiwa na kikundi kinachouimba, mtaje kwanza, ni sekunde tano tu. Na ukiwa na wimbo wako kichwani ambao hujauandika popote, ufunge ukurasa huu, ukatafute kalamu.

Nisiwachoshe. Bibi ananiita, wali wa nazi umeiva.