Kanisa Lilipoacha Kubariki Chuma cha Moto

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa bonde la Kilombero, si mbali sana na Ifakara, tuliitwa jioni nyumbani kwa Mkristo wetu. Ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga. Mtoto wa nyumba ile alikuwa amefariki baada ya homa ya siku tatu, na matanga yalikuwa yamekwisha. Sasa yalibaki maneno. Bibi mmoja wa ukoo huo, mjane, ndiye aliyetajwa. Wanaukoo walikuwa wamekata shauri kumpeleka kwa mganga akanyolewe.

Msomaji wa Kilombero au Ulanga hahitaji kuelezwa maana ya kunyolewa. Kwa wengine tuseme hivi: anayetuhumiwa uchawi hupelekwa kwa mganga, hunyolewa nywele, hupewa dawa, na huaminika kwamba tangu siku hiyo uchawi wake umekufa. Pengine hata anayemtuhumu hunyolewa pamoja naye.

“Sisi hatutaki ugomvi, Baba Mchungaji,” alisema mzee wa ukoo. “Tunaomba tu utuombee safari, ili ukweli ujulikane.”

Tuliomba. Tulichagua maneno kwa uangalifu, tukaomba amani, tukaomba ulinzi wa njiani, tukasema amina. Bibi alirudi baada ya siku chache, kichwa kitupu chini ya khanga. Tulipokwenda kumwona alituuliza: “Mchungaji, siku ile uliniombea mimi au uliwaombea wao?”

Hatukuwa na jibu. Tulilipata baadaye mahali ambapo hatukutazamia, katika historia ya sheria za nchi za Magharibi. Ndiyo maana tunaiandika hapa, katika kitabu kinachohusu imani.

Tuanze na lugha yetu. Leo kiapo ni maneno: shahidi hushika Biblia au Kurani mahakamani, akaahidi kusema kweli. Lakini zamani kiapo kilikuwa pia jaribio. Pwani palikuwa na kiapo cha shoka lililopashwa moto, na kiapo cha mkate uliosomewa maneno, ambao mwenye hatia angeshindwa kuumeza. Bara palikuwa na mwavi, sumu ya gome la mti: aliyeitapika alihesabiwa safi, na aliyekufa alihesabiwa mchawi.

Wengi wetu tulifundishwa kuona mambo hayo kuwa giza la Afrika. Kumbe Ulaya ya Kikristo nayo ilikuwa na vya kwake. Mtuhumiwa alibebeshwa chuma cha moto akatembea nacho hatua kadhaa. Mkono ukafungwa kitambaa, na baada ya siku tatu ukafunguliwa. Jeraha safi lilimaanisha hana hatia, na lenye usaha lilimaanisha anayo. Wengine walitupwa katika maji baridi: aliyezama alikuwa mwema, maana maji yamempokea, na aliyeelea alikuwa mwovu. Uingereza ya kale ilikuwa hata na kiapo cha mkate, kama pwani yetu. Na hayo hayakufanyika kwa siri porini. Padre alikuwepo. Ndiye aliyebariki chuma na maji, na sala yake ndiyo iliyofanya watu waamini kwamba anayehukumu ni Mungu.

Hata hivyo, sheria nyingine ilikuwepo tayari, ingawa ililala vitabuni. Kaisari Justinian wa Konstantinopoli alikuwa ameagiza sheria za Kirumi zikusanywe, kazi iliyofanyika kati ya mwaka 529 na 534. Humo mlikuwa na kanuni fupi yenye uzito: mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, si wa anayekana. Mwishoni mwa karne ya 11 wasomi wa Bologna, Italia, walianza kuvifundisha upya vitabu hivyo. Karibu mwaka 1140 Gratian akapanga sheria za kanisa katika mkusanyo mmoja. Mahakama za kanisa zikazoea kuita mashahidi, kuwahoji na kuandika maneno yao.

Wakati huohuo walimu wa theolojia walianza kuuliza kama ni haki kumlazimisha Mungu afanye muujiza kila mara wanadamu wanaposhindwa kuamua kesi. Mmoja wao alikuwa Peter the Chanter wa Paris, aliyefariki mwaka 1197. Alionyesha kwamba viapo hivyo vimewaangamiza wasio na hatia, na kwamba huko ni kumjaribu Bwana, jambo lililokatazwa katika Kumbukumbu la Torati 6:16.

Ndipo ukaja Mtaguso wa Nne wa Laterani, Novemba 1215, chini ya Papa Innocent wa Tatu, wenye maaskofu zaidi ya 400. Chuoni tuliusoma kwa ajili ya mtihani. Tulijua ulichosema juu ya mkate na divai, na juu ya kuungama kila mwaka. Kanuni ya 18 tuliipita bila kuitazama. Kanuni hiyo ilikataza mtumishi wa kanisa kubariki chuma cha moto au maji kwa ajili ya kumjaribu mtuhumiwa. Mtaguso haukuwa na polisi wa kwenda kila kijiji kukizima kiapo. Ulichofanya ni kuondoa mkono wa padre, na bila mkono huo chuma kilibaki chuma tu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Januari 1219 serikali ya Mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza iliwaandikia mahakimu waliokuwa safarini kwamba, kwa kuwa kanisa limekataza kiapo cha moto na cha maji, watafute njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa bado haijatengenezwa! Katika miaka iliyofuata wakazoea kuwaapisha majirani 12 waseme kama mtu huyu ana hatia au hana. Hiyo ndiyo asili ya baraza la wazee wa mahakama ambalo Waingereza hujivunia hadi leo. Miaka michache kabla, Juni 1215, Mfalme John alikuwa amelazimishwa kukubali Magna Carta, na kifungu chake cha 38 kilikataza ofisa kumshtaki mtu kwa neno lake mwenyewe tu, bila mashahidi wa kuaminika.

Ulaya bara ilifuata njia nyingine. Wanasheria wa huko, wakishika sheria za Kirumi na za kanisa, walidai mashahidi wawili walioona kwa macho, au ungamo la mtuhumiwa mwenyewe. Kanuni ya mashahidi wawili tunaijua kutoka Kumbukumbu la Torati 19:15. Lakini uovu wa siri hauna mashahidi wawili, basi wakalitafuta ungamo, na walipolikosa wakalitafuta kwa kamba na mateso. Chuma cha moto kiliondolewa mlangoni kikarudi dirishani.

Hapa sisi Walutheri hatuna pa kujificha. Sheria ya jinai ya Kaisari Charles wa Tano, ya mwaka 1532, iliruhusu mateso kwa masharti, nayo ilitumika pia katika nchi zilizopokea Matengenezo. Luther mwenyewe, aliyeanza kusoma sheria Erfurt mwaka 1505 kabla ya kuingia utawani, aliamini kwamba wachawi wapo na wanastahili adhabu. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake, katika nchi za Kikatoliki na za Kiprotestanti vilevile. Walihukumiwa mahakamani, kwa maandishi na kwa mihuri.

Waliopinga walitoka pande zote. Mwaka 1631 Friedrich Spee, padre Mjesuiti, alionyesha kwamba mateso yangemfanya yeyote aungame lolote. Mwaka 1701 Christian Thomasius, mwanasheria Mlutheri wa Halle, alizishambulia kesi za uchawi. Uingereza ilifuta kosa hilo mwaka 1736. Tangu Laterani hadi hapo ni zaidi ya miaka 500. Tukumbuke hesabu hiyo tunapowacheka wanaotembea polepole.

Sheria hizo zilifikaje kwetu bondeni? Zilikuja kwanza na bunduki. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Mahenge, ng'ambo ya mto, na baada ya vita ikaja njaa. Mjerumani wa zama hizo alikuwa na mahakama nzuri kwao, zenye mawakili na ushahidi. Huku ofisa wa boma alikuwa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja. Agizo la Kansela la tarehe 22 Aprili 1896 liliruhusu viboko 25 kwa mara moja, na Kiswahili kikabaki na neno lake: hamsa ishirini. Mtu aliyekatazwa mwavi kwa sababu ni ushenzi aliona kiboko kikiitwa ustaarabu.

Waingereza walipokuja, walitangaza kwamba Tanganyika itafuata sheria ya kwao kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kanuni za ushahidi zilipitia India, katika sheria ya mwaka 1872, hadi Tanzania ilipotunga Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967. Majirani 12 hawakuletwa huku. Badala yake, kwa miaka mingi, jaji aliketi na wazee wa baraza wakampa maoni. Mwaka 1928 ikatungwa sheria ya uchawi, iliyowaadhibu wanaojidai kuwa na nguvu hizo au kuzitumia. Baada ya uhuru ikabaki vitabuni. Tangu mwaka 1984 Katiba yetu ina ibara ya 13(6), inayokataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitishwa kuwa na kosa. Kanuni ile ya Kirumi imefika hadi Ifakara, kwa Kiswahili.

Hata hivyo, msikilize mkulima aliyefiwa na mtoto. Atakuambia kwamba serikali inawalinda wachawi. Kwake yeye sheria iliondoa mwavi bila kuweka kitu mahali pake. Hakimu akimwuliza nani aliona nini, hana la kujibu. Anarudi nyumbani na uchungu wake, na uchungu unatafuta mlango. Katika sehemu nyingine za nchi, hasa kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

Basi historia hii inatufundisha nini sisi watumishi? Kwanza, sheria bora ya Magharibi haikuzaliwa kwa kuwa Wazungu walikuwa na akili kuliko wengine. Ilianza kuzaliwa pale kanisa lilipokubali kusema: hatujui, na hatutajifanya kwamba Mungu ametuambia. Unyenyekevu huo ndio uliowalazimisha watu kutafuta mashahidi. Pili, kuondoa mkono peke yake hakutoshi. Mahali palipoachwa wazi na chuma cha moto, nchi moja iliweka majirani waliokula kiapo, nyingine ikaweka kamba. Tatu, hata mashahidi si kinga kamili. Nabothi aliuawa kwa ushahidi wa watu wawili, kila kitu kikiwa kimefuata utaratibu (1 Wafalme 21). Sheria inahitaji watu waogopao kusema uongo, na kuwalea watu hao ni kazi ya kanisa.

Wapo watakaotukumbusha maji ya uchungu ya Hesabu 5. Ni kweli, yamo katika Maandiko. Lakini mwanamke yule alinyweshwa maji yenye mavumbi ya sakafu ya hema, si sumu, na mumewe mwenye wivu alizuiwa kumhukumu kwa mkono wake. Na Bwana wetu, alipoletewa mwanamke aliyefumaniwa, hakuomba ishara kutoka mbinguni. Aliwageukia washtaki.

Sasa tunaweza kumjibu yule bibi, ingawa ametangulia mbele za haki. Siku ile tuliwaombea wao. Maneno yetu yalikuwa ya amani, lakini kazi yake ilikuwa ile ya padre wa kale aliyenyunyizia chuma maji ya baraka. Bila sala yetu safari ingekuwa ya ukoo tu. Kwa sala yetu ikawa ya kanisa.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu, nasi tunauweka mbele ya wenzetu. Tukiitwa kuombea safari ya namna hiyo, tunakataa, na tunaeleza sababu mbele ya wote. Lakini hatuondoki. Tunakaa na waliofiwa hata usiku, kwa maana uchungu wao ni wa kweli. Tunaomba kuona cheti cha zahanati, tuzungumze juu ya homa na siku zilizopotea kabla ya mtoto kupelekwa. Tunauliza kwa upole: nani aliona nini? Kisha mchungaji, mwinjilisti na wazee wa kanisa wanakwenda kwa yule aliyetajwa, mchana, watu wakiona, wanakula chakula chake. Palipo na hatari ya kupigwa mtu, tunakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi bila kungoja.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo ukoo ulikasirika, na familia mbili ziliacha kuja ibadani kwa miezi kadhaa. Moja imerudi. Nyingine bado tunaitembelea.