Kabla ya Saa 24: Historia ya Usiku na Chakula Mnazi Mmoja na Kariakoo

Februari 2025 Mkoa wa Dar es Salaam uliitangaza Kariakoo kuwa eneo la biashara kwa saa 24. Taa zilifungwa mitaani, kamera zikatundikwa, na wafanyabiashara wakahimizwa wasifunge milango jua likizama. Habari hiyo ilipokelewa kama jambo jipya kabisa. Ila muuza kahawa wa Mtaa wa Msimbazi na mkaanga chipsi wa Gerezani hawakuwa na cha kushangaa. Kazi yao huanza pale mwenye duka anapohesabu fedha na kwenda zake, na imekuwa hivyo tangu kwa waliowatangulia.

Ukiifuatilia historia ya eneo hili utaona kwamba usiku wake haukuanzishwa na amri ya mtu. Karibu kila utawala uliopita, wa kigeni na wa kwetu, ulijaribu kuuzima, kuupangia saa au kuutoza ushuru. Kilichoufanya udumu ni jiko la mkaa, na mtu aliyekuwa tayari kukaa kando yake mpaka usiku wa manane kwa sababu wateja walikuwepo.

Uwanja wa kutenganisha

Mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, ulikuwa wa bandari na majahazi. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walianza kuugawa kwa rangi za watu. Waingereza, waliouteka Septemba 1916, waliikamilisha kazi hiyo miaka ya 1920: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, mahali ambapo jeshi la Uingereza lilikuwa limeweka kambi ya wapagazi wake wa vita. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa ukanda mtupu, nyumba zikaondolewa, na ukanda huo ndio viwanja vya Mnazi Mmoja tunavyovijua leo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukweli ni kwamba hawakutaka watu wavuke.

Usiku ulikuwa na ukuta wake pia. Kanuni za mji hazikumruhusu Mwafrika kuonekana barabarani saa za usiku bila kibali. Kupiga ngoma kulihitaji ruhusa, pombe za kizungu alikatazwa kwa sheria, na pombe ya kienyeji ilitakiwa kunywewa katika vilabu vilivyosimamiwa na wakubwa. Mzungu alikuwa na klabu yake, Mhindi alikuwa na jumuiya na sinema zake. Mwafrika alitarajiwa alale, asubuhi aende kazini.

Chumba kisicho na jiko

Hakulala, na sababu ya kwanza ilikuwa njaa. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa ile ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Mwenye nyumba alipangisha chumba kimoja kimoja, na wapangaji wengi walikuwa wanaume waliotoka bara bila familia: makuli wa bandarini, maboi wa majumbani, vibarua wa reli. Mtu aliyeshusha shehena tangu alfajiri hakuwa na nafasi ya kukoka moto, wala chungu, wala mke wa kumpikia. Alikula nje. Hapo ndipo hoteli ndogo za wali na maharage zilipochipuka, na ndipo baraza la nyumba lilipogeuka duka la vitumbua, mihogo na samaki wa kukaanga.

Wauzaji wengi wa chakula hicho walikuwa wanawake. Kwa mwanamke wa mjini asiye na ajira ya ofisini wala shamba la kulima, kikaango ndicho kilichompa fedha isiyopita mkononi mwa mume. Mama lishe wa leo hakuzuka na hali ngumu ya miaka ya 1980. Kazi yake ina umri sawa na Kariakoo yenyewe.

Muuza kahawa naye alikuwa na njia yake. Birika lake refu la shaba lilikaa juu ya jiko dogo la makaa, likibebwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulishika vikombe vidogo visivyo na mshikio. Alivigonganisha kwa mapigo yaliyojulikana mtaa mzima, kiasi kwamba mtu aliye chumbani alitambua ni nani anayepita na yuko kona gani. Kahawa ilikuwa chungu, bila sukari, na utamu ulitoka kwenye kashata ya nazi au ya njugu iliyouzwa pamoja nayo. Kikombe kilisuuzwa kwenye kopo la maji, kikaenda kwa mwingine. Walioketi kwenye benchi hawakuwa wakinunua kahawa peke yake. Walinunua haki ya kukaa nje usiku wakazungumza.

Ngoma, dansi na siasa

Na mazungumzo hayakukosa la kuzungumzwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vikundi vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo vya kijeshi na tarumbeta. Wanawake walikuwa na lelemama na vyama vyao vya ngoma. Miaka ya 1930 ikaleta dansi na taarabu za vilabu: Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Egyptian Musical Club ikawa mojawapo ya majina makubwa ya taarabu mjini. Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo leo ni Simba, yenye jengo lake Mtaa wa Msimbazi. Kila kikundi kilikuwa na baraza lake, na kila baraza lilikuwa na mtu wa kulilisha.

Waingereza walitambua kwamba watu wanahitaji mahali pa kukutana, nao wakapenda mahali hapo pawe panapoonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukajengwa pembeni ya Mnazi Mmoja ukumbi uliopewa jina la George Arnautoglu, Mgiriki tajiri aliyetoa fedha za ujenzi. Wenyeji wakauita Anatoglo, wakafanyia humo harusi, dansi na mikutano. Hatua chache tu kutoka hapo, katika nyumba ya African Association iliyokuwa New Street, sasa Mtaa wa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Anayesoma historia ya TANU kupitia mikutano ya hadhara ya Mnazi Mmoja na Jangwani peke yake anakosa nusu yake. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, mahali ambapo habari zilifika pamoja na magunia. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji maarufu wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla hajaanza kuwaandikisha wanawake kwenye chama mwaka 1955, na mtandao alioutumia ulikuwa ule ule wa ngoma. Wengi wa wanawake hao walikuwa wauza mandazi, wapika pombe na wakaanga samaki. Walikuwa na fedha zao, walizoea kukaa nje usiku, na walimjua kila mpita njia. Chama gani kingepata wajumbe wazuri kuliko hao?

Sinema na njugu

Ng'ambo ya pili ya viwanja, Uhindini, usiku ulikuwa wa sinema. Avalon, Empire na Odeon zilionyesha filamu za Bombay, za Misri na za Hollywood, na Waafrika wa Kariakoo walivuka Mnazi Mmoja kwa miguu kwenda kuzitazama. Ukanda uliotengwa ili watu wasikutane ukawa njia yao ya kila jioni. Milangoni waliuzwa njugu, bisi na mihogo, na filamu ilipokwisha wauza mishkaki waliwapokea watazamaji barabarani. Mwaka 1966 ikafunguliwa sinema ya kutazamia ndani ya magari huko Msasani, ila mwenye miguu yake miwili aliendelea na Avalon. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na hilo linaeleza kwa nini kumbi hizo zilijaa kwa muda mrefu hivyo, na kwa nini zilikufa upesi baada ya hapo.

Uhuru na usiku wenye mipaka

Uhuru uliondoa kibali cha kutembea usiku, lakini shaka juu ya usiku ilibaki. Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, iliwasaka wasichana waliovaa sketi fupi, na Kariakoo ilikuwa moja ya sehemu ambako vijana wa chama waliwavamia. Mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku mjini. Hapo hapo serikali ilikuwa mlezi mkubwa wa dansi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na ndiyo mzazi wa Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, iliundwa mwaka 1978 na baadaye ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, lenye ukumbi wake Kariakoo. Mtu aliweza kucheza mpaka majogoo katika ukumbi wa shirika la umma, kisha akatoka na kukuta polisi wakimnyang'anya muuza mihogo beseni lake.

Mwaka 1983 ikaja Operesheni Nguvu Kazi. Wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini, na muuza kahawa hakuwa na mwajiri wa kumwandikia barua. Wengi walirudi baada ya muda. Enzi ya ruksa ya Rais Mwinyi, kuanzia mwaka 1985, ilileta bidhaa, wachuuzi na kabati la kioo la chipsi. Hapo ndipo chipsi mayai ilipotawala usiku: viazi vilivyokwisha kukaangwa hurudishwa kwenye mafuta, mayai yaliyopigwa humwagwa juu yake, sahani hufunika kikaango, mkono hugeuza mara moja, na chakula hushuka kikiwa duara zima. Kachumbari pembeni, pilipili juu, vijiti vya meno badala ya uma. Kibanda, kabati, jiko na beseni la viazi vilitosha kumfungulia kijana biashara.

Mwezi Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wachuuzi kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 wachuuzi hao hao waliamriwa kuondoka barabarani, ingawa vitambulisho walikuwa navyo mifukoni. Julai ya mwaka huo moto ukaliunguza soko kuu, jengo la msanifu Beda Amuli lililokuwa fahari ya jiji tangu miaka ya 1970.

Kariakoo na miji ya China

Usiku wa sasa una mkono wa mbali. Tangu miaka ya 2000 wafanyabiashara wa Kariakoo wanapanda ndege kwenda Guangzhou, wanafikia mtaa wa Xiaobei wenye mikahawa ya vyakula vya Kiafrika, na mchana wanazunguka masoko ya jumla. Jioni wanakuta jiji ambalo kula usiku ni sehemu ya ratiba: meza hutolewa nje, supu na mishkaki huuzwa hadi usiku mkubwa. Wengi hurudi wakiuliza kwa nini Kariakoo isiwe hivyo.

Jibu la historia ni kwamba hata China ilipita njia ile ile. Katika jiji la Chang'an enzi za nasaba ya Tang, ngoma zilipigwa jioni, milango ya mitaa ikafungwa, na aliyekutwa nje aliadhibiwa. Mwaka 965 mfalme Taizu wa nasaba ya Song aliruhusu soko la usiku mjini Kaifeng liendelee hadi ngoma ya zamu ya tatu, yaani karibu usiku wa manane. Meng Yuanlao, aliyeandika kumbukumbu za mji huo mwaka 1147, alijaza kurasa kwa vyakula vilivyouzwa kando ya daraja saa hizo. Wafalme hawakuuumba usiku wa Kaifeng. Walikubali tu kuacha kuuzuia.

Waliopo sasa

Wanunuzi wa Zambia, Malawi, Komoro na Kongo hulala nyumba za wageni za Kariakoo wakisubiri mizigo ifungwe. Usiku mabegi hupakiwa, wabebaji husukuma mikokoteni, na kwenye kona mtu anakata pweza vipande vidogo, supu yake ikiuzwa kwa kikombe. Mwezi wa Ramadhani eneo lote huhamia usiku, kutoka futari mpaka daku. Hao ndio uchumi wa saa 24, na walikuwepo kabla ya kutangazwa.

Kwa hiyo mkoa na jiji wana kazi moja ambayo taa na kamera haziwezi kuifanya. Wampe mpishi wa usiku mahali pa kudumu, bomba la maji, choo na pa kutupia taka, kisha wasimfukuze. Mfano upo ng'ambo tu ya bahari: bustani ya Forodhani, Unguja, ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, wauza chakula walipangiwa nafasi ndani yake badala ya kuondolewa. Mnazi Mmoja ina uwanja, ina historia na ina wapishi. Ikishindwa kuwalinda, saa 24 zitabaki kuwa tangazo.